Kesi ya Matata Ponyo na Bukanga-Lonzo: maswali ya mtu aliyesomea kilimo

Tangu mwezi wa tano, kila tukikutana hapa Kikula, iwe kwenye kiti cha kinyozi ao hata kwenye kilio, kuna mtu anarudisha ile hadithi ya Matata Ponyo. Katika kikundi chetu cha WhatsApp kambi ziko mbili na hazisikilizani. Moja inasema: mwizi amepatikana, kazi imeisha. Nyingine inasema: ni siasa tupu, mtu alijitenga na wakubwa ndiyo maana wanamwonyesha. Mimi niliahidi kuandika. Nimechelewa, juu nilitaka kwanza kasirani ipungue, na sehemu kubwa ya ile kasirani nilikuwa nayo juu yangu mwenyewe. Nitaeleza.

Kwanza mambo yenyewe, juu kuna wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wanaosoma hapa. Tarehe 20 Mei 2025, Korti ya Katiba kule Kinshasa ilimhukumu Augustin Matata Ponyo miaka 10 ya kazi za nguvu kwa kosa la kugeuza feza ya Leta. Ni mtu aliyekuwa waziri wa fedha tangu 2010, halafu waziri mkuu kutoka 2012 hadi 2016, na miaka ya kwanza ya uwaziri mkuu alibaki ameshika fedha pia. Pamoja naye walihukumiwa miaka 5 kila mmoja Déogratias Mutombo, aliyekuwa gavana wa Banki Kuu, na Christo Grobler, Mwafrika Kusini wa kampuni ya Africom Commodities. Feza inayosemwa ni karibu dola milioni 245. Matata alikana tangu siku ya kwanza, na mpaka leo anasema ni kesi ya kisiasa. Feza hiyo ilikuwa ya nini? Kwa sehemu kubwa, ya shamba.

Hapo ndipo mimi ninaingia.

Tarehe 15 Julai 2014, Rais Joseph Kabila alizindua hifadhi ya kilimo na viwanda ya Bukanga-Lonzo, kwenye uwanda wa Kwango, zaidi ya kilometa 200 kutoka Kinshasa. Hekta 80,000. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nakumbuka tuliangalia kwenye televizyo ya jirani: trakta zimepangwa mustari kama basoda siku ya gwaride, na Matata na ile kravate yake nyekundu. Wakasema hifadhi za namna ile zitakuwa zaidi ya 20 katika nchi nzima. Baba yangu alitaka nisome metaliji, kama kila baba wa Likasi. Hapa kwetu mtoto akiwa na akili anatumwa kwenye shaba. Mimi nikamwambia: baba, nchi imeamua kulima, watahitaji ba-agronome kila province. Alinyamaza siku mbili, akakubali. Akauza baiskeli yake kwa minerval ya kwanza.

Kwa hiyo musinisome kama mtu wa katikati. Nilimtetea Matata miaka mingi, hata auditwari ilipokuwa ikinicheka.

Trakta zile zilifanya nini? Mwaka 2015 tuliona picha za mavuno ya kwanza. Mwaka 2017 Waafrika Kusini walifunga vitu vyao wakaondoka, na shamba likarudi majani. Mwezi wa Novemba 2020 Inspeksyo Kuu ya Fedha, ile tunaita IGF, ikatoa ripoti: Leta ilitoa dola milioni 285, na zaidi ya milioni 205 kati ya hizo ziligeuzwa. IGF ilisema pia kwamba kampuni ilichaguliwa bila kushindanisha nyingine, na kwamba kuanguka kwa mradi kulipangwa toka mwanzo. Chukueni kalkilatrisi: milioni 285 gawanya kwa hekta 80,000, ni zaidi ya dola 3,500 kwa kila hekta, na sehemu kubwa ya hizo hekta haikuona hata jembe. Mama mmoja wa Kambove anayelima nusu hekta, ukimpa dola 3,500 atakuuliza anunue shamba gani tena.

Sasa, kesi. Siku zote nilizoifuata kwenye simu, neno dola niliacha kuhesabu. Neno hekta nililisikia mara chache. Neno udongo, kwa masikio yangu, halikunifikia. Najua, korti ya makosa ya jinai haifundishi pedoloji, kazi yake ni kuuliza nani alichukua nini. Lakini hukumu imekuwa sasa ndiyo historia rasmi ya Bukanga-Lonzo. Mtoto wa miaka kumi na saba wa leo atajifunza kwamba mradi ulikufa juu wakubwa waliiba. Mimi ninasema waliiba ao hawakuiba, hiyo ni kazi ya jije; lakini ule mradi ulikuwa mgonjwa kabla ya dola ya kwanza kupotea. Na ule ugonjwa hakuna aliyeuhukumu.

Uwanda wa Kwango ni mchanga. Si mchanga kidogo: ni ile michanga ya Kalahari inayofunika sehemu kubwa ya kusini-magharibi ya nchi yetu. Mchanga hauna mikono. Mbolea ukiitia leo, mvua kubwa ya kesho inaishusha chini, mahali mizizi ya mahindi haifiki. Tena udongo ule ni wa asidi, una aluminiamu inayochoma mizizi ya mahindi ikiwa bado midogo. Mihogo inavumilia, ndiyo maana wenyeji wanalima mihogo. Na ukiangalia, mashamba yao mengi wanayaweka kule chini kwenye misitu ya pembeni ya mito, penye majani yaliyooza, si juu kwenye uwanda ule mweupe ambao kutoka kwenye ndege unaonekana kama zawadi ya Mungu kwa trakta. Wale wazee hawakuwa wavivu. Uwanda ulikuwa mtupu kwa sababu.

Je, inawezekana kulima mahindi pale? Inawezekana. Watu wanapenda kutuambia Brazil ilifanya hivyo kwenye Cerrado, na ni kweli, udongo wa Cerrado ni wa asidi pia. Lakini Brazil iliunda Embrapa mwaka 1973, ikaweka watafiti wake miaka na miaka kwenye chokaa, kwenye fosfori, kwenye mbegu zinazovumilia. Na sehemu kubwa ya udongo wao iko na mfinyanzi kuliko ule wetu wa Kwango. Sisi tuko na INERA, mtoto wa ile INEAC Wabelgiji walianzisha 1933 na kuiweka Yangambi, mahali pa sifa kubwa zamani. Mwaka 2014 nguvu yote haikuwekwa hapo. Ilianzwa na trakta. Udongo wa namna ile unaanza na miaka mitano ya majaribio kwenye hekta hamsini, na chokaa, na mikunde ya kulisha ardhi, na mtu wa laboratwari anayepima kila msimu. Hakuna rais anayekata utepe mbele ya hekta hamsini za maharagwe ya kufunika udongo. Picha haiko nzuri.

Yaya mmoja aliyesoma sheria, wa promosyo ya mbele yetu, tulipoongea aliniambia hivi: "We, uko unamutafutia mwizi njia. Kama ile feza ilienda Afrika Kusini, chokaa yako ingenunuliwa na nini?" Ana haki. Kama IGF inasema kweli, hata mradi mzuri ungekufa. Lakini nilimrudishia swali: na kama kila dola ingefika na fakture yake, ule mchanga ungegeuka kuwa mfinyanzi? Alicheka, hakujibu. Mimi naona vitu viwili hivi vinatembea pamoja. Mradi unaoamuliwa na ofisi ya fedha, bila mtu wa udongo mezani, ndio mradi mrahisi kuliko yote wa kula, juu hakuna aliye ndani anayejua bei ya kweli ya kitu. Nani atasema trakta ni nyingi mno kama hajui hekta ngapi zinalimika? Ni kwa sababu hiyo ninalaumu kesi kuacha kilimo pembeni: kilimo chenyewe kilikuwa ushahidi.

Na wakaaji wa pale. Oakland Institute ya Marekani ilitoa ripoti 2019 juu ya Bukanga-Lonzo, ikaeleza jinsi vijiji vilivyonyang'anywa ardhi waliyokuwa wakilima na kuwinda. Hekta 80,000 si karatasi, ni nyasi za watu, nyuki za watu, njia za watu kwenda mtoni. Miaka 10 ya Matata inawafikia namna gani? Ningependa avoka mmoja wa kikundi chetu aandike juu ya hilo, atatusaidia kuliko kupigana mimi na wewe kama kravate ilikuwa nyekundu ao ya damu.

Nakuja kwenye korti yenyewe, haraka, juu si fani yangu. Korti ya Katiba tarehe 15 Novemba 2021 ilisema haina mamlaka ya kumhukumu waziri mkuu wa zamani. Mwaka 2022, korti ile ile ikasema ina mamlaka. Inaweza kuwa kuna sababu nzuri ya sheria. Lakini raia wa kawaida anayeangalia kutoka Kikula anaona mlango uliofungwa, halafu ukafunguliwa, na mtu aliyekaa ndani ni yule yule. Halafu hukumu zake hazina rufani. Mtu anahukumiwa miaka kumi kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mimi hata mwizi wa kuku pale sokoni nataka awe na mlango wa pili wa kubisha. Tena Matata alikuwa deputé wa taifa tangu uchaguzi wa 2023, na spika wa Bunge wakati ule, Vital Kamerhe, aliandikia korti kulalamika kwamba kinga yake haikuondolewa. Korti iliendelea.

Kamerhe! Hapo ndipo mama yangu aliangua kicheko. Anakumbuka vizuri: Juni 2020 Kamerhe alihukumiwa miaka 20 juu ya programu ya siku 100, nyumba zisizojengwa, karibu dola milioni 50. Katikati ya kesi jije Raphaël Yanyi alikufa. Tuliangalia ile kesi nyumba nzima, kama mpira. Halafu rufani ikashusha hadi 13, halafu 2022 akaachiliwa kabisa, 2023 akawa naibu waziri mkuu wa uchumi, 2024 akawa spika. Kwa hiyo mama aliposikia miaka 10 ya Matata, alisema: "Mwana wangu, ile ni miaka ya mulangu ao ni ya miguu?" Maana yake, ya kufungia ao ya kutembelea. Mwezi wa Septemba 2025 ikaja zamu ya Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria mwenyewe, miaka 3 ya kazi za nguvu juu ya dola milioni 19 za gereza la Kisangani. Alikuwa yule aliyekuwa akitangaza kwamba atafunga wezi wote. Hapo mama hakucheka tena, alibadilisha kituo.

(Neno dogo juu ya "kazi za nguvu". Kipengele cha 145 cha sheria ya makosa kinasema anayegeuza feza ya Leta apewe mwaka 1 hadi 20 wa kazi za nguvu. Kipengele cha 16 cha Katiba kinasema hakuna mtu atalazimishwa kazi ya nguvu. Kwa hiyo adhabu ina jina la jembe lakini jembe haliko. Ba-agronome tunaweza kutoa mawazo ya mahali pa kuanzia, lakini nanyamaza.)

Nilisema sehemu kubwa ya kasirani ilikuwa juu yangu. Miaka mitatu iliyopita nilipata kontra ya miezi mitatu na mradi mmoja, jina nitalificha, wa kugawia wakulima mbegu na mbolea vijijini upande wa Lufira. Dola 300 kwa mwezi, feza yangu ya kwanza ya diploma. Mbegu zilitakiwa kufika katikati ya Novemba, mvua zikishika. Munajua ninyi wote mlioshika jembe: huku kwetu mahindi yaliyopandwa baada ya Noeli ni kucheza bahati nasibu. Mbegu zilifika mwisho wa Januari. Chef wa mradi akasema tugawe, na bordero iandikwe tarehe 10 Desemba, juu bayeye—yaani watoa feza—wanataka kuona tulifuata kalenda. Mimi ndiye niliyekuwa teknisie. Niliandika tarehe 10 Desemba. Nikatia sinyature, na jina langu lote, na "lisansie wa kilimo" chini yake, juu nililipenda sana lile neno.

Mama mmoja, mzee kidogo, aliniuliza kama bado kuna wakati. Nilimjibu: "Tutajaribu, mama." Alipanda. Wengine waliuliza kama wanaweza kuziosha mbegu wazile. Ni zile nyekundu za dawa, nikakataza kwa kelele. Mwezi wa nne mvua ilikatika mahindi yakiwa ndiyo yanatoa ndevu. Nilipita na pikipiki nikaona yamesimama, marefu, makavu, magunzi bila punje. Katika ripoti idadi ya wanufaika ilitimia. Hakuna senti iliyoibwa. IGF ingekuja, ingetupa pongezi.

Ndiyo maana hukumu inayohesabu dola tu hainitoshi. Kwenye ule mradi wangu mdogo, korti isingeona kosa lolote, na ule mama hakuvuna. Kosa lilikuwa kwenye kalenda, na aliyejua kalenda alikuwa mimi, peke yangu kati ya wote waliokuwa pale. Nilisomeshwa miaka mitano ili niseme: hapana, Januari mwisho hatupandi mahindi, tugawe maharagwe ao turudishe. Nilinyamaza kwa dola 300. Kule Bukanga-Lonzo nina uhakika kuna ba-agronome Wakongomani walioshika ule mchanga mikononi, wakaona unavyopita kati ya vidole, wakajua. Kama waliandika, ningependa kusoma. Kama walinyamaza, ninawaelewa mno, na hiyo ndiyo inaniuma.

Munisamehe kama nimerefusha. Kambi ya kwanza itasema nimemsafisha Matata. Sikumsafisha: aliyeshika feza na serikali kwa pamoja hawezi kusema hakuona. Kambi ya pili itasema nimekubali hukumu. Sikuikubali pia, mpaka siku watu wa daraja lake watakuwa na rufani kama mimi na wewe. Lakini zote mbili naziuliza kitu kimoja: tangu Mei, katika jumbe zote za kikundi chetu, na tuko na ba-agronome karibu thelathini mle ndani, ni nani alileta hata mara moja analizi ya udongo wa Kwango? Tuliongea kama mashabiki. Hata mimi, wiki ya kwanza, nilituma tu ile picha ya kravate.

Na hapa nyumbani si kwamba tumefanya vizuri zaidi. Gavana Katumbi aliwaambia wachimbaji kila kampuni ilime hekta 500, ilikuwa wazo lenye nguvu kwenye redio. Leo simama Kasumbalesa uone: shaba inatoka, bunga ya Zambia inaingia, na siku Zambia inafunga mpaka, bukari inapanda bei Kikula kabla ya jua kushuka. Udongo wetu huku si mchanga wa Kwango, uko na mwili. Unachotaka ni chokaa, juu nao uko na asidi. Na chokaa iko, Kakontwe, hapa hapa Likasi, unaiona mawe yake kutoka barabarani. Miaka yote imekuwa ikienda kwenye viwanda vya shaba. Mkulima mdogo wa nchi hii bado anavuna chini ya tani moja ya mahindi kwa hekta.

Mimi nimechukua robo hekta nyuma ya kartie, ardhi ya mjomba. Nusu nimeweka chokaa, nusu sikuweka, kila upande mbegu ile ile na siku ile ile. Nitapima mwezi wa nne mwakani na nitaweka hesabu hapa, hata kama zitanitia haya. Mwenye mizani ya kuaminika anikopeshe. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa juzi, nyepesi, haijafika chini. Naona tutapanda katikati ya mwezi ujao, siyo mbele.